Mkato wa Mkalimani

Neno moja la Mkalimani lilimpeleka mzee wa Chilangala jela miaka miwili. Neno lenyewe lilikuwa "Amekubali." Mzee yule alisimama mbele ya Bwana Shauri, Mzungu wa serikali aliyeamua kesi, akasema kwa muda unaotosha kunde kuiva, na yote aliyoyasema kwa Chimakonde yakatoka upande wa pili, kwa Kiswahili, yakiwa neno hilo moja. Mimi ndiye niliyeliandika kitabuni. Mwandiko ni wangu, na tarehe niliiweka pembeni kama kawaida.

Naanza na hilo kwa sababu wengi waliomjua Mkalimani huanza na kicheko. Nami nitacheka kidogo humu, maana alikuwa mtu wa kuchekesha bila mwenyewe kucheka. Lakini sipendi msomaji ale wali wangu kwa raha halafu jiwe alikute kwenye tonge la mwisho.

Nilipanda Newala kutoka Masasi katika miaka ya mwisho ya Mwingereza, kijana wa Kimakua mwenye mwandiko mzuri na cheti cha shule ya misheni, nikapewa meza ya karani wa baraza. Mkalimani nilimkuta. Karani aliyenitangulia naye alimkuta. Nilimuuliza siku za kwanza alianza kazi lini, akanijibu, "Zamani." Sikuuliza tena.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kanzu iliyofuliwa mpaka ikapata rangi ya tui la pili, na juu yake koti jeusi lililobakiwa na vifungo viwili. Alisimama mikono nyuma, kati ya meza ya Bwana Shauri na mtu anayesema, na macho yake hayakumtazama huyu wala yule. Aliyaweka chini, hatua moja mbele ya miguu ya msemaji, kama mtu anayengoja kuku atoke kwenye kichaka. Msemaji alipomaliza, Mkalimani alimeza mate, ndipo akatoa neno. Mara nyingi lilikuwa moja. Yakizidi matatu, tuliokaa nyuma tulitazamana.

Bwana Shauri wa miaka hiyo alijua Kiswahili, tena Kiswahili safi cha vitabuni, ila Chimakonde hakikumwingia. Wazee wa uwandani, uwanda ule wa juu wa Wamakonde, nao Kiswahili walikijua cha sokoni, cha kuuliza bei ya chumvi. Jambo la maana hawakuweza kulisema kwa lugha ya kukopa. Kwa hiyo kila shauri zito lilipita katika koo la mtu mmoja.

Nalo koo hilo lilikuwa jembamba. Nakumbuka mzee mmoja aliyeshtakiwa kwa mbuzi. Alieleza jinsi watu wake walivyopanda uwandani kutoka mtoni, wakalala wapi, nani alifyeka msitu wa kwanza, nani alimwozesha nani, kisima gani kule bondeni kilikauka na kikafufuka. Nusu saa nzima. Watu waliitikia "Eee" kila alipotua. Akamaliza. Mkalimani akameza mate.

"Si wake," akasema.

Bwana Shauri akaweka kalamu chini. "Mkalimani, mzee huyu amesema nusu saa."

"Ndiyo, Bwana."

"Na yote hayo ni 'si wake'?"

"Mengine ni njia."

Baraza zima likacheka, na mzee wa mbuzi akacheka pia ingawa hakujua kilichochekwa. Alishinda shauri lake siku hiyo, kwa hiyo hakuna aliyelalamika juu ya njia iliyotupwa.

Hiyo "njia" nilikuja kuifahamu polepole. Kwa watu wa uwandani, mzee hawezi kulidondosha jambo lake mbele za watu kama mtu anayetupa ganda. Kwanza huonyesha alikotoka, ili wasikilizaji wajue anasema akiwa nani, kwa niaba ya nani, na maneno yake yapimwe kwa kipimo gani. Mkalimani alilijua hilo kuliko sote. Alikuwa mtu wa Mkunya, kitovu chake kimezikwa huko. Alikata kwa kujua.

Pale barazani kulikuwa na jina la usemi wake. Tuliuita mkato. Kwetu Masasi neno hilo halikuwa la sifa. Mama yangu akiniuliza nimeshindaje, nami nikasema "Salama" bila kuinua uso, angesema, "Mbona wanijibu kwa mkato, nimekukosea nini?" Jibu la mkato lilikuwa mlango uliofungwa usoni. Hata njia ya mkato haikupendwa sana. Pale Newala ilikuwapo moja, inateremka ukingo wa uwanda kwenda kwenye maji, na wanawake hawakuipita wakiwa na mitungi iliyojaa kichwani. Walishuka nayo mitupu, wakarudi na maji kwa njia ndefu.

Lakini barazani neno lilibadilika tabia. Matarishi walianza kuambiana, "Nipe kwa mkato wa Mkalimani," maana yake acha porojo. Mwalimu mmoja wa Kurani alimsifu mwanafunzi kuwa ana mkato. Wanawake kisimani walilitumia kwa kejeli: mume akirudi nyumbani hana la kusema, "Huyo ameajiriwa barazani." Nilikuwa na tabia ya kuandika mambo kama hayo nyuma ya daftari langu, kila matumizi kwa mstari wake, na siku moja nilimwonyesha Mkalimani. Alisoma ukurasa wote kwa utulivu, akanirudishia.

"Umesahau moja," akasema.

"Lipi, mzee?"

"Kisu."

Akaondoka. Nililiandika, nikidhani ni mzaha.

Nyumbani kwake alikuwa na mke aitwaye Mama Halima, mwanamke mfupi, mnene, mwenye maneno kama mvua ya masika. Nilikwenda mara nyingi siku za Jumapili, mimi Mkristo nikitoka kanisani, wao Waislamu, na kila mara Mama Halima alinipokea kwa matusi ya utani.

"Karibu, mtu wa Masasi! Ninyi huko maji mnayo mlangoni, ndiyo maana maneno yenu yamejaa maji."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Usimngoje huyo akukaribishe, utakufa umesimama. Unajua alivyoniposa? Alimtuma mjomba wake, mjomba akasema mpaka mate yakamkauka, mabinti wote tumejificha tunasikiliza. Mjomba kamaliza, baba yangu akamgeukia yeye: 'Na wewe kijana, wasemaje?' Akasema, 'Huyo.' Tena hata kidole hakuinua! Dada zangu wawili walidhani ni wao!"

Mkalimani alikuwa amekaa akimenya ming'oko, ile mizizi nyembamba ya porini ambayo huliwa kwa chumvi na pilipili. Hakuinua macho. "Ulijua," akasema.

"Nilijua," alisema Mama Halima, akageuka upande wa jiko.

Mkalimani aliwahi pia kumwandikia mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Lindi. Barua ilikuwa "Njoo," na jina la baba chini yake. Kijana akaomba ruhusa kazini, akasafiri siku mbili akilia njiani, akifikiri mama amekufa. Akakuta baba yake anataka msaada wa kuezeka banda. Mama Halima alisema kijana alikaa juu ya paa siku tatu bila kumsemesha baba yake, "na yule baba mtu akaona mwanawe sasa amepata adabu."

Hayo ndiyo ya kuchekesha. Sasa yasiyolingana nayo.

Maji pale uwandani yalikuwa kazi ya nusu siku. Mtu alimpa mgeni maji ya kunywa kikombe kimoja na ya kunawa kiganja kimoja, na hakuna aliyeona uchoyo. Mkalimani, aliyebana maneno vile, maji hakuyabana. Mgeni akifika alimmiminia ya kunawa mpaka kwenye viwiko, yakamwagika chini, na Mama Halima akashika kichwa. Nilimuuliza sababu. Akasema, "Yanaonekana." Nimelifikiria jibu hilo miaka mingi. Nadhani alitaka kusema kwamba maji mgeni anayaona yakimwagwa, anajua amepewa kiasi gani. Neno likimwagwa na mkalimani, hakuna anayejua kilichopungua. Lakini hayo ni maelezo yangu mimi. Yeye alisema, "Yanaonekana."

Hakupoteza neno la mtu. Hilo pia nilichelewa kulijua. Siku moja nilirarua kwa bahati mbaya ukurasa wa ushahidi wa wiki iliyopita, nikamwendea kwa hofu. Alisimama palepale uani, akafumba macho, akanirudia maneno ya shahidi yule kwa Chimakonde, yote, pamoja na pale mtu alipopiga chafya. Kwa hiyo yote yaliingia. Yalikaa humo ndani, na nje likatoka moja.

Shauri la mzee wa Chilangala lilikuja mwisho wa kiangazi. Mpwa wake, kijana aitwaye Bakari, alikuwa akichoma magugu ya shamba jipya. Upepo ukageuka. Moto ukaruka, ukala mikorosho michanga ya majirani wawili, ukafika kwenye ghala la mtama wa akiba uliowekwa kwa ajili ya njaa, likateketea lote. Hakuna aliyekufa. Lakini amri ilikuwa imebandikwa kwamba asichome mtu bila kutoa taarifa, na mtama ule ulikuwa tegemeo la vijiji vitatu. Bakari aliona moshi, akakimbia bila viatu mpaka Ruvuma, akavuka kwa Mreno.

Kabla askari hawajamfuata mtu yeyote, mjomba wake alikuja mwenyewe barazani. Alikuwa na mguu mmoja mbovu, anatembelea fimbo ya mpingo. Dada yake, Mama Bakari, alikaa chini safu ya mbele, kanga imefunika mdomo.

Hapa lazima nieleze desturi, maana shauri lote limelala juu yake. Huku kwetu kusini, kwa Wamakonde na kwetu Wamakua vilevile, mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye anayemjibia. Kijana akikosa, mjomba husimama mbele ya waliokosewa na kusema, "Nimekosa mimi." Hasemi "mpwa wangu amekosa." Angesema hivyo watu wangemwona anamsukuma mtoto mbele kama ngao. Waliokosewa hujibu, "Tumesikia." Kisha wao ndio huuliza, "Kwa mkono wa nani?" Hapo mjomba hutaja jina, ndipo mazungumzo ya fidia huanza. Kukiri kwa kwanza ni kubisha hodi tu. Kila mtu mweusi aliyekuwamo barazani siku ile alilijua hilo tangu utoto.

Mzee alianza na njia. Alipanda na watu wake kutoka mtoni, alifyeka nao, alizika nao. Alitaja ghala, akataja njaa ya utoto wake na jinsi dada yake alivyombebea maji. Akafika mwisho akasema, "Nangu," yaani mimi, "nimechoma mimi." Nyuma yangu nikasikia watu wakivuta pumzi, tayari kwa lile swali la pili.

Kisha mzee akafanya jambo moja. Alisogea hatua moja kwa mguu wake mzima, akamwinamia Mkalimani, akasema kitu kwa sauti ya chini. Kilikuwa kifupi. Mimi nilikuwa nachovya kalamu kwenye wino.

Mkalimani hakumeza mate safari hii. "Amekubali," akasema.

Bwana Shauri akainua uso. "Amekubali kosa la kuchoma?"

"Ndiyo, Bwana."

Hakuna aliyeuliza kwa mkono wa nani. Bwana Shauri hakujua kwamba kuna swali. Wazee wa baraza walitazama chini, kwa kuwa si kazi ya mzee wa baraza kumfundisha Mzungu maswali. Mimi nilikuwa na kalamu hewani, tone la wino likianza kuvimba kwenye ncha. Mkalimani alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitazama uso wa mtu barazani.

"Andika," akasema.

Nikaandika.

Mzee alipewa miaka miwili, jela ya mbali, kule pwani. Alipotolewa nje alipita mbele ya Mkalimani, na nilimwona akiinamisha kichwa kidogo. Nilidhani anaangalia mguu wake usijikwae.

Juma lililofuata Mama Bakari alikuja ofisini. Alikaa barazani pa nje, mgongo ukutani, na mtungi mtupu pembeni, kwa maana alikuwa akipita hapo akienda kuteka maji. Nilipotoka akasema, "Karani, andika upya."

"Shikamoo, mama. Kitabu kimeshafungwa."

"Marahaba. Kifungue. Wewe si Mmakua? Huna mjomba wewe?"

"Ninaye, mama."

"Basi unajua alichosema kaka yangu. Mwambie huyo Mzungu amuulize lile swali."

Nilimwambia nitaona. Alirudi kila wiki, siku ileile, mtungi uleule. Alikuwa akimsalimu Mkalimani naye akimwitikia, na hakuwahi kumwomba yeye. Aliniomba mimi. Matarishi wakaacha kutania akiwapo. Mimi nilianza kuhesabu siku kwa ujio wake.

Niliyapanga mambo kwa utaratibu, kama nilivyozoea. Nikimwambia Bwana Shauri kwamba tafsiri ilikatwa, basi Mkalimani ameapa uongo, na si kwa shauri hili tu; kila shauri alilokata kwa miaka yote litainuka kaburini, la mbuzi, la mashamba, la wake. Nami niliyeandika nikijua, nitasimama pamoja naye. Na mzee akirudishwa barazani ataulizwa lile swali, naye atajibu, kwa sababu mjomba akiulizwa mbele za watu hawezi kunyamaza. Atamtaja Bakari. Askari watavuka au watangoja ng'ambo hii ya mto mpaka kijana amkumbuke mama yake. Kila mlango niliousukuma ulikuwa na mtu amelala nyuma yake.

Nilimwendea Mkalimani. "Mzee, yule mama ananimaliza."

"Najua."

"Tufanye nini?"

Alikunja mikono ya kanzu polepole hata nikadhani ameanza kuipanga hotuba. "Ngoja," akasema.

"Mpaka lini?"

Akaenda zake.

Siku moja nilijipa moyo nikaingia kwa Bwana Shauri na kitabu kimefunguliwa kwenye ukurasa ule. Alikuwa akisoma barua. "Ndiyo, Karani?" Nilikuwa nimeyaandaa maneno tangu alfajiri, nimeyaanza na desturi, nikaja kwenye mjomba, nikaja kwenye swali la pili. Njia nzima ilikuwa kichwani.

"Wino umekwisha, Bwana," nikasema.

Akaniandikia kibali cha wino. Nilikuwa na chupa mbili zilizojaa mezani. Nilipotoka, Mkalimani alikuwa mlangoni, na ninaamini alisikia. Hakunicheka. Laiti angenicheka.

Mwaka wa pili wa kifungo kile, Mkalimani alipata shauri la nyumbani kwake. Mpwa wake huko Mkunya alikuwa ameiba jogoo wawili wa jirani na kuwauza Tandahimba. Alinialika niende naye, bila kusema kwa nini. Nilifikiri anataka mtu wa kubeba taa.

Watu walikaa uani asubuhi. Mkalimani akavua koti, akalikunja, akaliweka kwenye mkeka. Kisha akasimama akasema. Sijawahi kusikia usemi kama ule. Aliwapandisha watu wake uwandani hatua kwa hatua. Ukasikia kiu yao, ukamwona bibi aliyezaa njiani akafunika mtoto kwa majani ya mbaazi. Aliigiza sauti ya marehemu mjomba wake, watu wakacheka na machozi yanawatoka. Jua lilitoka upande mmoja wa nyumba likaja juu ya vichwa vyetu. Mama Halima, aliyekuwa karibu nami, hakutia neno hata moja.

Mwisho akasema, "Nangu. Nimeiba mimi."

"Tumesikia," wakajibu upande wa pili. "Kwa mkono wa nani?"

Akamtaja mpwa wake. Jogoo wakalipwa, ugali wa muhogo na kisamvu vikaletwa, wote tukala sinia moja.

Wakati wa kurudi alitangulia yeye, nami nyuma. Mimi nilikuwa nimekasirika hata miguu haikuona njia. Mtu huyu alijua hodi ni hodi. Kwa mpwa wake aliipiga na mlango ukafunguliwa. Kwa mpwa wa mwenzake aliufunga kwa neno moja. Karibu na mji nikashindwa kujizuia.

"Mzee, umenileta ili nione?"

"Ndiyo."

"Nimeona nini?"

"Njia," akasema.

Mzee wa Chilangala alitoka jela kiangazi kilichofuata, kifua kimeharibika, fimbo yake ya mpingo imepotea huko huko. Tulidhani atakuja kumlaani Mkalimani. Alikuja kweli. Alikaa barazani pa nje, mahali pale pale alipokuwa akikaa dada yake, na Mkalimani akatoka akaketi kando yake. Walikaa mpaka adhana ya adhuhuri. Mimi nilikuwa dirishani, nina kalamu, na sikuandika kitu kwa sababu hakikusemwa kitu. Mzee aliishi masika moja zaidi, akafa.

Bakari alirudi baadaye sana, na mke kutoka ng'ambo ya Ruvuma, akapanda mikorosho yake upande wa Tandahimba. Ni mtu mwema. Akichoma shamba huwa anaweka watu wanne wa kulinda moto.

Mara ya mwisho kumwona Mkalimani alikuwa ameshaacha kazi na kurudi kwao Mkunya, na mimi nilikuwa nimehamishiwa Masasi. Mama Halima alinitumia salamu kwa dereva wa lori, ndefu, zenye utani na malalamiko, na katikati yake kulikuwa na neno ambalo lilionekana si lake: "Njoo." Nilikwenda na karatasi.

Nilimkuta juu ya kitanda cha kamba mlangoni, amepungua mpaka kanzu imebaki peke yake. Mama Halima alinimiminia maji ya kunawa mpaka viwikoni, yakamwagika, akaendelea kumimina.

"Ameanza kusema," alininong'oneza. "Tangu juzi. Ananitisha, baba. Miaka yote nilimwomba, sasa ananitisha."

Mkalimani aliniashiria nikae. "Karani. Una kalamu?"

"Ninayo, mzee."

"Leo nitakupitisha njia."

Akafumba macho, akaanza hotuba ya mzee wa Chilangala. Yote. Watu waliotoka mtoni, ufyekaji, maziko, njaa, dada na mtungi wa maji. Alitua pale mzee alipotua, na mahali hapo Mama Halima aliitikia "Eee" bila kujijua. Niliandika haraka, karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katikati ya nne akafika: "Nangu. Nimechoma mimi."

Akaishia hapo.

"Halafu alikuinamia, mzee," nikasema. "Nilimwona. Alikwambia nini?"

Alifumbua macho, akayaweka chini, hatua moja mbele ya miguu yangu.

"Aliniambia nikate," akasema.

Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo nikiwa na hasira juu ya mtu aliyemfunga mwenzake, na sasa alikuwa ananiambia kwamba mwenzake ndiye aliyemwomba, ili swali la pili lisiulizwe, ili jina la Bakari lisitajwe. Kalamu niliishika juu ya karatasi.

"Alisema hivyo, mzee? Neno hilo hasa?"

Akameza mate. Nilingoja neno kama tulivyokuwa tukilingoja barazani. Badala yake akaomba maji, Mama Halima akampa, akanywa kikombe kizima, akageukia ukutani akalala. Hakuamka akasema nami tena. Alizikwa Mkunya wiki ile ile.

Baada ya maziko nilikwenda Chilangala kwa Mama Bakari. Alikuwa amezeeka, lakini alikumbuka hatua ile moja ya kaka yake kama mimi.

"Aliinama, ndiyo," akasema. "Mguu ulikuwa unamuuma. Alikuwa anaomba kigoda."

"Ulimsikia, mama?"

"Sikumsikia. Lakini nilimjua. Na wewe je, si ulikuwa karibu kuliko mimi?"

Nilikuwa karibu kuliko yeye. Nilikuwa nachovya kalamu.

Nimewauliza wazee wawili wa baraza waliobaki. Mmoja anasema hakuona mzee akiinama hata kidogo. Wa pili anasema aliona, na kwamba Mkalimani alitikisa kichwa kabla ya kusema "Amekubali," ila hakumbuki kama alikitikisa kukubali au kukataa.

Kitabu cha kesi kilichukuliwa kwenda pwani pamoja na vingine, na katika mstari wa shauri lile kina neno moja, kwa mwandiko wangu. Karatasi nne za Mkunya ninazo mimi, ndani ya daftari lile la zamani. Katika ya nne, chini ya "nimechoma mimi," niliacha nafasi ya mistari miwili. Nafasi hiyo bado iko tupu.